Mgomo katika shirika la ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na abiria na wafanyakazi wa Kigoma

Kila redio inapotangaza kwamba wafanyakazi wa shirika fulani la ndege wamegoma, iwe Nairobi, Johannesburg au kwingineko, madirisha ya mawakala wa tiketi hapa Kigoma huanza kujaa mapema asubuhi. Wapo wenye tiketi za shirika linalotajwa, wapo ambao safari zao hazihusiani nalo hata kidogo, na wapo wazazi wa vijana walioajiriwa katika sekta ya anga ambao wanataka kujua kama ajira ya mtoto wao itasalimika. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya abiria na wafanyakazi kwa pamoja, kwa sababu mgogoro mmoja huwabana wote. Hayahusu mgomo wowote unaoendelea sasa. Sheria ya kazi inayoelezwa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005.

Je, mgogoro wa kikazi na mgomo ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakowafanya watu wengi wakimbilie dirishani bila sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inatenganisha malalamiko ya haki na migogoro ya maslahi. Mfanyakazi anayedai mshahara uliocheleweshwa, au anayepinga kuachishwa kazi, ana lalamiko: anadai kitu ambacho sheria au mkataba umekwisha kumpa, na njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, na baadaye Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Wafanyakazi wanaotaka nyongeza ambayo bado haijaandikwa popote, au posho mpya ya safari za usiku, wana mgogoro wa maslahi, na ni katika mgogoro wa aina hii pekee ambapo mgomo unaweza kuwa halali.

Kwa hiyo taarifa kwamba chama cha wafanyakazi kimetangaza mgogoro na menejimenti haimaanishi kwamba ndege ya kesho haitaruka. Mara nyingi inamaanisha kwamba wiki kadhaa za mazungumzo ndiyo kwanza zinaanza.

Ni hatua zipi ambazo lazima zipitiwe kabla ya mgomo kuwa halali?

Mgogoro hupelekwa kwanza CMA kwa fomu maalumu, na msuluhishi hupewa siku 30 za kuwapatanisha wahusika, isipokuwa wenyewe wakubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Usuluhishi ukishindikana, na ikiwa mgomo unaitishwa na chama, chama hupiga kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga kura lazima waunge mkono. Baada ya hapo mwajiri hupewa notisi ya saa 48. Hatua moja ikirukwa, mgomo mzima unapoteza kinga ya kisheria, hata kama madai yenyewe ni ya haki kiasi gani.

Abiria azingatie hizo saa 48. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni muda mfupi tu, lakini kwa mtu wa Kigoma ni muda unaotosha kupanda basi au, siku zikiangukia vizuri, treni ya reli ya kati, na kufika Dar es Salaam kabla ndege hazijasimama, ili mradi habari iwe imemfikia mapema na hakupoteza siku nzima akibishana na wakala.

Je, kila anayefanya kazi uwanja wa ndege anaweza kugoma?

La. Sheria hiyo inataja huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma, na miongoni mwake, pamoja na maji, umeme, afya na zimamoto, zimo uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga. Marubani, wahudumu wa ndani ya ndege na wapakia mizigo hawakutajwa kwa majina katika orodha hiyo, ingawa Kamati ya Huduma Muhimu ina mamlaka ya kutangaza huduma nyingine kuwa muhimu. Aliyezuiwa kugoma hakunyimwa haki ya kudai; mgogoro wake usiposuluhishwa huenda moja kwa moja kwenye uamuzi wa CMA. Aliye mtumishi wa umma ana mlolongo mwingine: tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kumaliza kwanza njia za kudai zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kugeukia sheria za kazi.

Si Tanzania peke yake yenye msimamo mkali kuhusu waongoza ndege. Nchini Marekani, Agosti 1981, Rais Ronald Reagan aliwafukuza zaidi ya waongoza ndege 11,000 waliokaidi amri ya kurudi kazini, na mfumo wa anga wa nchi hiyo ulichukua miaka kujaza nafasi zao.

Vipi kuhusu mgomo baridi, au wafanyakazi wengi kuumwa siku moja?

Mgomo baridi, ambapo watu wanafika kazini lakini kazi haiendi, huhesabiwa kuwa mgomo, kwa sababu tafsiri ya sheria inahusisha pia kupunguza au kuchelewesha kazi kwa makusudi ili kumshinikiza mwajiri. Kuumwa kwa pamoja nako kuna historia yake. Mwezi Oktoba 2016, baada ya menejimenti ya TUIfly ya Ujerumani kutangaza mpango wa kuunda upya kampuni, marubani walioripoti kuumwa walipanda kutoka takriban asilimia 10 ya kawaida hadi kufikia asilimia 89, na wahudumu wa ndani ya ndege hadi asilimia 62. Hakuna aliyeitisha mgomo rasmi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018 kwamba hali hiyo ilitokana na uendeshaji wa kampuni yenyewe, na hivyo kampuni haikuweza kukwepa kuwafidia abiria kwa kisingizio cha dharura. Kwa abiria ulikuwa uamuzi mzuri. Kwa mfanyakazi wa Tanzania anayefikiria kuiga mbinu hiyo, ni vyema akumbuke kwamba mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari, na cheti cha uongo ni kosa la kinidhamu linalosimama lenyewe, hata mgogoro ukiisha kwa amani.

Nikishiriki mgomo, nitalipwa? Na ninaweza kufukuzwa?

Katika mgomo halali mwajiri halazimiki kukulipa kwa muda ambao hukufanya kazi. Wengi husahau jambo hili wakati wa kupiga kura na kulikumbuka tarehe ya mshahara. Kwa upande mwingine, kushiriki mgomo halali si kuvunja mkataba wala si kosa la kinidhamu, na mwajiri hawezi kukuachisha kazi kwa sababu hiyo. Haruhusiwi pia kuajiri watu wa kuziba nafasi za waliogoma kihalali. Kwa marubani katazo hilo lina nguvu ya ziada, kwa kuwa rubani hupata idhini ya kurusha aina mahususi ya ndege, na aliyezoea Airbus hawezi kuletwa asubuhi akarushe Dash 8, ndege ya mapangaboi, jioni.

Katika mgomo usio halali kinga hizi hazipo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinauhesabu ushiriki wake kuwa utovu wa nidhamu unaoweza kuhalalisha kuachishwa kazi, ingawa si papo hapo: mwajiri anatakiwa kuwasiliana na chama na kutoa onyo lenye muda wa kutosha wa watu kutafakari na kurudi.

Jambo jingine ambalo picha za televisheni huwapotosha watu. Sheria yetu inakataza wagomaji kuweka kizuizi cha watu mlangoni mwa eneo la kazi, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia kuingia. Abiria aliyeona wafanyakazi wa Afrika Kusini wakiimba na mabango nje ya ofisi za kampuni yao asitarajie sura hiyo hiyo hapa. Mgomo halali wa Tanzania, kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, ni wa watu waliobaki nyumbani.

Je, mwajiri naye anaweza kusimamisha kazi?

Anaweza, kwa kuwafungia wafanyakazi nje ya kazi, na yeye pia anabanwa na usuluhishi na notisi ya saa 48. Mfano mkubwa katika sekta ya anga ni wa Qantas ya Australia. Tarehe 29 Oktoba 2011, baada ya miezi ya migomo midogo ya vyama vitatu, mkurugenzi mtendaji Alan Joyce alisimamisha ndege zote za kampuni duniani kote na kutangaza kuwafungia wafanyakazi nje. Abiria walikwama katika viwanja vya nchi nyingi bila kujua wamlaumu nani. Chombo cha kazi cha nchi hiyo kiliamuru pande zote mbili ziache hatua zao, na ndani ya siku mbili ndege zilianza kurudi angani.

Wafanyakazi wa vituo vya mikoani, kama Kigoma na Tabora, huathirika vipi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchache kuliko linavyostahili. Anayekupokea kaunta, anayepima mzigo wako na anayebeba ngazi hadi mlangoni mwa ndege, katika vituo vingi vya mikoani si lazima awe mwajiriwa wa shirika lililoandikwa kwenye tiketi yako. Anaweza kuwa wa kampuni ya huduma za ardhini, au wa wakala mwenye mkataba na shirika, au kibarua anayelipwa kwa siku ambazo ndege imetua. Marubani wakigoma Dar es Salaam, huyu hakupiga kura, hana chama kinachomzungumzia katika mgogoro huo, na hatanufaika na nyongeza itakayopatikana. Hata hivyo ndege isipokuja yeye hana siku ya kazi, na ndege ikifutwa ni yeye anayesimama mbele ya abiria sabini wenye hasira, akiwa na taarifa ile ile waliyonayo wao kwenye simu zao.

Mnyororo haukomei uzioni mwa uwanja. Dereva wa teksi anayesubiri ndege na nyumba za wageni zinazopokea watalii wa Gombe na Mahale hupoteza kipato bila kuwa sehemu ya mgogoro, na hakuna fomu ya CMA wanayoweza kuijaza. Chama makini kinachoandaa mgomo kingepaswa, kwa maoni yetu, kuwatumia ujumbe wafanyakazi wa vituo vya mbali mapema, waeleze abiria kwa maneno yanayofanana. Menejimenti nayo isiwaache watu wa kaunta wajitungie majibu. Kwenu abiria, ombi ni moja tu: mnaomtukana dada wa kaunta mnamtukana mtu ambaye huenda siku hiyo haingizi hata shilingi.

Ikiwa mgogoro utaishia kwa kupunguza wafanyakazi, sheria inasemaje?

Mwajiri lazima atoe notisi ya nia ya kupunguza, aeleze sababu, na ashauriane na chama au wafanyakazi wenyewe kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuwachagua wanaoondoka na malipo yao. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi, ukiacha notisi, likizo ambayo hakuichukua na gharama za kusafirishwa hadi mahali alipoajiriwa ikiwa anaachishwa akiwa kituo kingine. Wafanyakazi waliohamishiwa Kigoma kutoka Dar es Salaam wasiisahau haki hii ya mwisho. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri CMA, na ofisi ya mkoa ipo. Hakuna haja ya kusafiri hadi makao makuu.

Je, migomo huwasaidia wafanyakazi, au huliua shirika?

Kumbukumbu zinaonyesha yote mawili, na kila upande huchagua mfano unaoupenda. South African Airways ilipotangaza Novemba 2019 kwamba ajira 944 zinaweza kupotea, vyama vya NUMSA na SACCA viligoma kuanzia tarehe 15, vikidai pia nyongeza ya asilimia 8. Wiki moja baadaye walikubaliana asilimia 5.9, kiwango ambacho kampuni ilikuwa tayari imekizungumzia, na mwanzoni mwa Desemba shirika liliwekwa chini ya wasimamizi wa kuliokoa. Kusema mgomo ndio ulioliua ni kupuuza miaka mingi ya hasara iliyotangulia. Kusema haukuongeza mzigo ni kujidanganya.

Kenya Airways ilisimama tarehe 5 Novemba 2022 pale marubani wa chama cha KALPA walipogoma wakitaka, miongoni mwa mengine, michango ya akiba ya uzeeni iliyositishwa wakati wa janga la UVIKO-19 irejeshwe. Kampuni ilisema zaidi ya abiria 10,000 waliathirika. Mahakama iliwaamuru warudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, na wakarudi. Tofauti na hapo, wahudumu wa ndani ya ndege wa Air Canada, zaidi ya 10,000, waligoma tarehe 16 Agosti 2025 wakipinga kutolipwa kwa kazi wanayoifanya ndege ikiwa bado ardhini, wakaikaidi amri ya kurudi, na siku tatu baadaye makubaliano yakafikiwa. Ukiacha ukaidi wao, ambao hatuushauri, dai lenyewe lilieleweka na mtu yeyote aliyewahi kuona mhudumu akipanga mizigo juu ya viti wakati milango bado iko wazi.

Mgomo mwingine wa Nairobi, ule wa tarehe 11 Septemba 2024 uwanja wa Jomo Kenyatta, haukuwa dhidi ya shirika la ndege. Chama cha KAWU kilipinga mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Ulimalizika siku hiyo hiyo, lakini mashirika yote yanayotumia uwanja huo yaliguswa, na kwa upande wa fidia tofauti hiyo ina uzito, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Nimesikia tetesi za mgomo. Nifute safari yangu mapema?

Usiifute. Ukifuta wewe, unachukuliwa kuwa umebadili nia kwa hiari, na masharti ya tiketi yako ndiyo yatakayotumika: tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi nauli, au hukatwa faini. Likifuta shirika, hali inageuka, kwa kuwa ni wao walioshindwa kutimiza mkataba. Kwa hiyo subiri tangazo rasmi. Mashirika mengi, mgomo unapokaribia, hutoa ruhusa ya kubadili tarehe bila faini hata kabla ya kufuta safari. Ruhusa hiyo ikitolewa, itumie, lakini kwanza hakikisha imeandikwa kwenye tovuti yao au katika ujumbe uliotumwa kwako. Maneno ya mdomo ya kaunta hayatoshi.

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni hii inafanana na ile inayomlinda mfanyakazi. Anayegoma kabla ya siku zake kutimia anapoteza kinga, na abiria anayejiondoa kabla ya kufutiwa anapoteza nauli. Wakati unaposubiri, hifadhi namba ya kumbukumbu ya tiketi, picha ya tangazo na muda ulipolipokea, na hakikisha namba ya simu iliyoandikwa kwenye tiketi ni yako wewe na si ya binamu aliyekulipia.

Mgomo ukiisha, kwa nini ndege za Kigoma hazirudi kawaida siku hiyo hiyo?

Kwa sababu ya hesabu ya viti. Chukua mfano wa ndege ya Dash 8 Q400 yenye viti 76, aina ambayo Air Tanzania huitumia katika safari nyingi za ndani. Ikifutwa safari moja iliyojaa, na safari zinazofuata tayari zina abiria 60 kila moja, basi viti 16 tu ndivyo vilivyo wazi kila safari, na itachukua safari tano kuwabeba wote walioachwa. Zikifutwa safari tatu, safari tano zinakuwa kumi na tano. Njia zenye safari nyingi kwa siku, kama Mwanza au Zanzibar, humaliza mrundikano huo kwa haraka zaidi. Njia yenye safari chache humaliza polepole, na shirika lenye ndege moja ya ziada lina kila sababu ya kibiashara ya kuipeleka kwanza kwenye njia yenye abiria wengi. Hatulisifu jambo hili, lakini atakayelitegemea hatashangaa.

Sababu ya pili ni mzunguko wa ndege na wafanyakazi wake. Ndege inayotua Kigoma mchana inaweza kuwa imeanza siku mahali pengine, na marubani wana saa za juu za kazi na za chini za mapumziko zilizowekwa na kanuni za usalama. Saa hizo haziongezwi kwa sababu abiria wamechoka kusubiri.

Anayelazimika kusafiri ana barabara na reli. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na bado inawapeleka watu Tabora, ambako njia za Mwanza na Dar es Salaam hukutana. Treni ya kisasa ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024, haijafika huku, hivyo wapo wanaochukua basi hadi Dodoma na kuipanda hapo.

Nauli yangu itarudi kwa njia gani?

Kwa kawaida hurudi kwa njia ile ile uliyolipia. Ukilipa kwa kadi au kwa simu moja kwa moja kwa shirika, dai huko. Ukilipa kwa wakala, shirika litamrudishia wakala, na wakala atakurudishia wewe, jambo linaloongeza siku. Omba stakabadhi yenye tarehe ya ombi lako. Ada ya huduma aliyotoza wakala inaweza isirudi. Ukipewa vocha badala ya fedha, soma muda wake wa mwisho na kama inaweza kutumiwa na mtu mwingine, kwa sababu ukishaikubali ni vigumu kudai fedha baadaye.

Je, ninastahili fidia zaidi ya nauli?

Kwa safari ya ndani ya Tanzania usitegemee jedwali la viwango maalumu kama la Ulaya. Unachoweza kudai ni nauli au safari mbadala, na hasara uliyopata kwa ushahidi wa risiti, kwa kufuata masharti ya usafirishaji na taratibu za malalamiko.

Kwa safari ya kimataifa unalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo unalifanya shirika liwajibike kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Kikomo kwa kila abiria, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 6,303, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Madai hufa baada ya miaka miwili.

Anayeondoka katika uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, au anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya, ana ulinzi mkubwa zaidi. Chini ya Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004, safari ndefu inayozidi kilomita 3,500 ikifutwa bila taarifa ya wiki mbili inaweza kumpatia euro 600. Mashirika yalidai kwa miaka mingi kwamba mgomo ni dharura isiyozuilika, lakini Machi 2021, katika shauri la abiria wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia, lililotokana na mgomo wa marubani wa mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe, ulioitishwa kihalali na chama, ni sehemu ya kawaida ya kuendesha biashara. Mgomo wa waongoza ndege au wa wafanyakazi wa uwanja kwa kawaida huhesabiwa kuwa nje ya uwezo wa shirika, na hapo fidia haipo, ingawa chakula na malazi yanaendelea kuwa haki yako.

Nina tiketi mbili tofauti, moja ya Kigoma hadi Dar es Salaam na nyingine ya kwenda nje. Nitalindwa?

Hapa ndipo watu wa mikoani wanapoumia zaidi, na mara nyingi kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo. Ukinunua tiketi ya ndani kwa shirika moja, kisha tiketi ya Dar es Salaam hadi Amsterdam kwa shirika jingine, kisheria umefunga mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya Kigoma ikifutwa kwa mgomo, shirika la pili litakuhesabu kuwa abiria asiyetokea, na linaweza kufuta hata tiketi yako ya kurudi. Shirika la kwanza litakurudishia nauli ya Kigoma tu.

Ukinunua safari nzima kwa tiketi moja, anayekuuzia ana wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari. Zaidi ya hayo, chini ya Mkataba wa Montreal kipande cha Kigoma hadi Dar es Salaam, ingawa kiko ndani ya nchi, kinahesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa, kwa vile mkataba unatazama mwanzo na mwisho wa safari iliyokubaliwa. Basi muulize wakala swali moja kabla ya kulipa: ni tiketi moja au mbili? Ikilazimu ziwe mbili, fika Dar es Salaam siku moja au mbili kabla, hasa mgogoro ukiwa umeshatangazwa.

Nina mgonjwa wa rufaa. Nifanye nini?

Usisubiri ndege irudi. Zungumza na daktari wa Hospitali ya Maweni au ya wilaya aliyeandika rufaa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kubadili mahali pa rufaa, kwa mfano Bugando mjini Mwanza badala ya Muhimbili, kulingana na usafiri uliopo. Ukiwa na barua ya rufaa mkononi, ielekeze kwa msimamizi wa kituo cha shirika. Wagonjwa mara nyingi hupewa kipaumbele safari zinaporejea, lakini ni kwa walioomba.

Bima ya safari inalipia mgomo?

Inategemea tarehe. Bima nyingi zinazotaja mgomo hazilipi ikiwa uliinunua baada ya mgomo huo kutangazwa.

Na mzigo wangu?

Mzigo uliopokelewa kwa ajili ya safari iliyofutwa unabaki chini ya dhamana ya aliyeupokea. Samaki na dagaa wabichi wachukue mara moja usiku huo huo, na usaini kwamba umeuchukua kwa sababu safari imefutwa. Katika safari ya kimataifa, begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku saba, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea.

Nikilalamika kwa shirika nisijibiwe, niende wapi?

Anza na shirika lenyewe, kwa maandishi, ukieleza namba ya tiketi, kilichotokea na unachodai kwa kiasi mahususi. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ndiyo msimamizi wa mashirika ya ndege nchini. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kuwasemea abiria, na ambalo watu wachache wa huku wanalifahamu. Ambatisha nakala za risiti za nyumba ya wageni na chakula, na ubaki na halisi.

Mfanyakazi asipeleke lalamiko lake TCAA. Mamlaka hiyo haisuluhishi mishahara wala mikataba ya kazi; kwa hayo aende CMA.